Kashata Zisizopita Motoni

Wapo watu wanaofikiri kwanza ndipo waseme, na wapo wanaosema kwanza, kisha wakahangaika kulitimiza walilolisema. Tadea wa Mapera kule milimani, ambaye wengi humwita Mama Praygod, ni wa kundi la pili, na ukimsikia mwenyewe, kundi hilo ndilo linaloendesha dunia. Alisema atachimba ngoro, yale mashimo ya kuhifadhi udongo, katika shamba lote la mteremkoni kabla mvua hazijakatika, akachimba mashimo yote hadi la mwisho. Alisema atajifunza kuendesha pikipiki, akajifunza, ingawa ua wa jirani haujapona hadi leo.

Kwa hiyo siku aliponyoosha mkono katika mkutano wa parokia, mumewe Joakim aliinamisha kichwa kabla hata hajasikia neno. Ndoa ilikuwa imeshamfundisha.

Mkutano ulikuwa wa kupanga hija. Kila Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba inapokaribia, waumini wa pale huteremka kwa miguu kutoka milimani hadi Lituhi, ufukweni mwa ziwa. Hulala njiani usiku mmoja, na kesho yake hufika kabla jua halijazama. Mbele hutangulia msalaba wa mbao, na msalaba huo hubebwa na Mzee Ildefonsi, katekista mstaafu, baba yake Joakim. Yeye ndiye aliyeianzisha njia hiyo. Zamani alikuwa akienda peke yake, watu wakimwona kama ana lake jambo, kisha mmoja akamfuata, wa pili akamfuata, mwishowe parokia nzima ikafuata.

Lakini mwaka uliotangulia mzee alianguka. Alianguka kwenye mteremko wa mwisho, joto la ziwa lilipoanza kuwapokea, na akafika Lituhi juu ya pikipiki, amefungwa kwa khanga kwenye mgongo wa dereva asidondoke. Watoto wa kule walikimbia kutazama wakidhani ni mgonjwa anapelekwa zahanati. Tangu hapo Mzee Ildefonsi hakuitaja tena hija.

"Mwaka huu," Paroko alisema kwa upole, "mzee wetu atapanda gari pamoja na vyombo vya altare."

Mzee aliizungusha kofia yake mikononi, akaizungusha tena. Tadea aliiona ile mikono, na hapo ndipo mkono wake mwenyewe ukapanda juu.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Baba Paroko, huyu mzee atatembea. Nitamlisha mimi njiani, na atafika ziwani kwa miguu yake."

Minong'ono ikazagaa ukumbini. Kila mtu alijua kwamba Mzee Ildefonsi akiwa hijani hali chakula. Ndizi mbivu mbili na maji ya mtoni, basi. Wengi waliomba, wengi walimletea viazi vya moto na chai ya rangi, naye aliwashukuru wote akaendelea na safari.

"Na asipofika, Mama Praygod?" Paroko aliuliza.

"Asipofika, mwakani mpandisheni gari, na mimi sitafungua tena mdomo katika mkutano huu."

Kuna mtu kule nyuma alisema "Amina" upesi mno. Tadea hakugeuka kumtafuta, lakini sauti aliihifadhi.

Paroko alikubali, akaweka sharti moja. Joakim angefuata nyuma na pikipiki, kiti cha abiria kikiwa kitupu. Mzee akikaa chini akashindwa kuinuka, atapandishwa, na hiyo ndiyo itakuwa hija yake ya mwisho ya miguu.

*

Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Jioni ile Tadea alimfuata baba mkwe wake uani, alikokuwa akichambua kahawa mezani, akizitoa mbegu mbaya moja moja bila haraka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Praygod. Umeniponza na umejiponza."

"Ndiyo maana nimekuja. Ulimwahidi Mungu nini hasa? Nataka maneno yenyewe, kama ulivyoyasema."

Mzee alitupa mbegu mbaya nyingine pembeni. Kisha akaeleza. Mke wake, marehemu Emerensiana, alikuwa Mnyasa wa Lituhi. Uchungu wa mtoto wao wa kwanza ulipomshika ulikuwa mzito, mto umefurika, hakuna njia ya kwenda hospitali, na mama wa watu alikuwa akiliita ziwa la kwao kana kwamba ziwa lina masikio. Ildefonsi alitoka nje akapiga magoti migombani. Akaahidi kwamba mama na mtoto wakipona, ataupeleka msalaba ziwani kila mwaka, kwa miguu, wala hataonja kitu kilichopita motoni mpaka afike.

"Wakapona," alisema. "Na mtoto ndiye huyo mumeo. Ahadi ni deni, mwanangu. Lakini Joakim usimwambie. Mtoto habebeshwi deni la baba yake."

Tadea aliahidi. Kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye, funga hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya mzee. Joakim mwenyewe aliiita hija ya baba yake ukaidi, na kila alipolitamka neno hilo, Tadea aliuma ulimi.

Ila alikuwa amepata alichokitaka. Kilichopita motoni. Mzee hakuapa kushinda njaa, aliapa kuukwepa moto. Ndizi mbili zilimtosha alipokuwa kijana, siku ambazo mwili ulikuwa na akiba. Sasa akiba imekwisha, na anachohitaji ni chakula kizito kisichojua jiko.

Tadea akafikiria kashata.

Kashata ya kawaida kila mtu anaijua. Sukari huyeyushwa sufuriani, karanga za kukaanga zikamwagwa humo, ikatandazwa, ikakatwa. Ni moto mwanzo hadi mwisho. Yake ingekuwa ya jua. Ndizi mbivu alizikata vipande vyembamba akazianika kwenye meza za kahawa mpaka zikawa nyeusi na tamu. Karanga alizitumia mbichi, alizoziloweka na kuzikausha tena ili ule ubichi upungue, kisha akazitwanga kinuni. Ufuta ulikuwepo. Asali alimwomba mrina mmoja aichuje kwa kitambaa tu, maana wengine hupasha masega moto. Mrina akauliza ni dawa ya nini. Tadea akamwambia ni dawa ya maneno yake mwenyewe.

Embe ndizo zilizomtoa jasho. Milimani embe si zao la kutegemea, na msimu wa ziwani ulishapita, lakini wifi yake Oliva, aliyeolewa huko huko Lituhi kwa wajomba, alikuwa na kiroba cha embe alizozikausha kabla mvua hazijakolea. Akakituma, na juu yake akaongeza korosho za Chiwanda kama zawadi. Korosho zilirudi siku ile ile, kwa sababu hubanguliwa kwa moto. Embe zilipokelewa kwa shangwe, kiroba kikafunguliwa, na nyumba nzima ikanuka usipa, wale dagaa wa ziwani.

Oliva alikuwa amezianika kwenye vichanja vya dagaa! Tadea alimpigia simu.

"Wifi, umenitumia embe au umenitumia samaki wenye umbo la embe?"

"Kwani sisi huku tuna vichanja vingine?" Oliva akajibu. "Sisi hatusikii harufu yoyote."

Na kweli hawakuisikia, kama vile mwenye nyumba asivyoisikia harufu ya nyumba yake. Tadea alizisuuza embe zile kwa maji ya ndimu, akazianika upya juani, akazisuuza tena, mpaka ziwa likatoka na embe ikabaki.

Akachanganya vyote, akavishindilia katika boksi la mbao, juu akaweka jiwe la kusagia, akaviacha vyote kwenye baridi ya Mapera. Asubuhi asali ilikuwa imeganda, na kisu kilipopita kilitoa vipande vilivyonyooka. Alichukua kimoja akakigonga mezani. Kikalia ko! Tadea akacheka peke yake jikoni. Joakim alikula viwili akapanda kwenda shamba la juu, na mchana hakuulizia chakula. Domitila, mwenyekiti wa akina mama, alitafuna kimoja kwa muda mrefu, akatangaza kwamba kashata hii ina adabu, haikuachi njiani.

Mtu mmoja tu hakuonjeshwa mbele ya macho ya Tadea, naye ndiye mwenye kashata. Katika ukoo ule mkamwana hali pamoja na baba mkwe, wala hamtazami akila. Tangu aolewe, Tadea alikuwa akiutuma ugali, maharage na mlenda kwa mzee, na sahani zilirudi safi. Hakuwa amewahi kumwona akitafuna. Tena Mzee Ildefonsi alikuwa mtu wa kucheka amefumba mdomo, jambo ambalo watu walisema ni utu uzima wa kikatekista. Tadea alimpelekea kipande kilichofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mzee akakinusa, akasema, "Hiki ni kitu cha maana," akakipokea kwa mikono miwili. Ikatosha.

*

Siku ya kwanza ya hija ilikuwa siku ya kujisifu. Walitoka alfajiri na makoti yao, ukungu umelala mabondeni, nyimbo zinapanda na kushuka. Tadea alibeba kikapu mgongoni kama mama abebavyo mtoto. Kila walipopumzika alimpa mzee kashata moja kutoka nyuma, kwa heshima, na kugeuka pembeni. Alipogeuka tena mikono ya mzee ilikuwa mitupu.

"Unaona?" alimwambia Domitila. "Anakula kama kijana wa jando."

Walilala katika kigango, kanisa dogo la njiani, wakaamka, wakaanza kuteremka. Na hapo hewa ikabadilika. Kwanza watu walivua makoti, kisha sweta. Halafu nyuki wawili wakaanza kumfuata Tadea, wakaja wanne, wakaja wengi, mpaka akina mama wa nyuma wakapunguza mwendo ili wasiwe karibu naye.

"Mama Praygod," Domitila aliita kwa mbali, "mgongo wako unatiririka!"

Tadea alijipapasa. Nguo yake ilikuwa imeloa asali kutoka mabegani hadi kiunoni. Akakitua kikapu, akafungua. Kashata zilizolia ko Mapera zilikuwa zimelala usingizi mmoja, rojo tupu, majani yakielea humo. Mtu wa milimani alijaribu chakula cha safari ya ziwani kwenye baridi ya milimani, akasahau kwamba huko chini jua nalo lina maoni yake. Alijiona mjinga, na kwa Tadea hilo ni jambo la nadra, kwa hiyo lilimuuma sana.

Hakupata nafasi ya kujilaumu. Mbele nyimbo zilikatika.

Mzee Ildefonsi alikuwa amekaa chini. Palikuwa pale pale, kona ile ile ya mwaka uliopita, ambapo kwa mara ya kwanza ziwa linaonekana lote. Ignatio, fundi seremala wa parokia, alikuwa ameupokea msalaba. Mzee alikuwa kijivu usoni. Kutoka juu ulisikika mlio wa pikipiki ya Joakim ikishuka polepole.

Tadea alipiga magoti mbele ya mzee. Macho yake yakaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari kutoka majanini, wakapanda juu ya kiatu cha mzee, juu ya suruali, wakaingia kwenye mfuko wa koti lake uliokuwa na doa kubwa jeusi la unyevu.

Mkamwana hatii mkono mfukoni mwa baba mkwe. Tadea aliutia. Akatoa kashata, zote alizompa tangu jana, zimeyeyuka zikawa donge moja. Hakula hata moja.

Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. "Baba! Kwa nini?"

Ndipo Mzee Ildefonsi akafungua mdomo, akafungua wote, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba asiyotaka ionekane ndani. Meno matatu mbele, moja nyuma. Basi.

"Nilijaribu, mwanangu. Hata kwa jiwe nilijaribu. Zimenishinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje wewe?"

Kweli, angemwambiaje? Ugali, maharage, mlenda, vyote vyakula laini. Miaka yote hiyo Tadea alikuwa akimpikia kibogoyo bila kujua, na adabu ilikuwa imekaa katikati yao kama ukuta. Na yeye, fundi wa kusema, alikuwa amejivunia kashata inayogonga meza.

Pikipiki ilifika. Joakim alizima injini, akashuka.

"Basi, Tadea," alisema kwa huruma. "Umejitahidi. Mpandishe tu."

Tadea alikitazama kikapu, akalitazama lile rojo. Na taratibu tabasamu likaanza kumrudia, kwa maana rojo halihitaji meno.

"Nani kasema ameshindwa?" alisema. "Baba amekaa kula."

"Tangu lini baba akala njiani?"

"Tangu leo."

Alikunja jani bichi la mgomba likawa kama kikombe, akachota. Karanga zilizotwangwa, ndizi, embe, vyote vilikuwa vimelainika katika asali ya vuguvugu. Mzee alikitazama kwa mashaka, akakigusa kwa kidole.

"Mama Praygod, hiki ni cha moto. Kimeiva hiki."

"Kimepigwa jua, Baba. Wewe nawe umepigwa jua tangu asubuhi. Umeiva?"

Mahujaji wakaangua kicheko, na mzee akacheka nao, mdomo wazi, hana tena cha kuficha. Akakubali. Tadea aliugeuza uso wake pembeni kama ilivyompasa, lakini alisikia jani likitetemeka, akasikia tone likianguka. Mikono ya mzee haikuweza kulishika. Basi Tadea akageuka, akakaa mbele yake mavumbini, akamshikia jani, akamtazama akila. Walioona waliangalia kwingine kwa heshima.

Alikula jani la kwanza, akala la pili. Akanywa maji. La tatu alilimaliza mwenyewe kwa mikono yake, akalamba vidole mmoja mmoja kama mtoto. Joakim alikuwa bado amesimama kando, ufunguo mkononi. Rangi ilirudi kwanza masikioni mwa mzee, kisha mashavuni.

Mzee Ildefonsi alikita fimbo yake ya kutembelea ardhini, akajiinua. Goti moja, la pili. Akasimama.

"Ignatio," alisema, "nipe msalaba wangu."

*

Walifika Lituhi jua likiwa bado lina nguvu. Watoto walikimbia tena kutazama, lakini safari hii waliona mzee anayetembea polepole na msalaba begani, mdomo umejaa wimbo, na nyuma yake mwanamke aliyeloa asali, na nyuma kabisa pikipiki yenye kiti kitupu. Tadea aliimba kwa sauti ambayo, nadhani, ilisikika mpaka kwa yule aliyesema "Amina" mkutanini.

Mzee aliingia ziwani hadi vifundoni. Alisimama hapo akizungumza kimya na mtu ambaye Tadea alijua ni marehemu mkewe, kisha akatoka, akaketi juu ya mkeka kwa Oliva. Ugali ulikuja ukifuka moshi, na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, na mchuzi. Sasa moto ulikuwa ruksa.

Joakim aliiegesha pikipiki akaketi kando ya baba yake. Alikuwa amefurahi, na furaha yake hutoka kwa njia ya kulalamika.

"Baba, ukaidi wako utatuua. Miaka yote hii, milima yote hii. Kwa ajili ya nini?"

Tadea aliuma ulimi kwa nguvu kuliko siku zote.

Mzee Ildefonsi alinawa mikono. Akamtazama mwanawe, akamtazama Tadea, akaona jinsi alivyofumba mdomo, na labda alimhurumia.

"Kwa ajili yako," alisema.

Akamweleza. Mto uliofurika, migomba, mama yake akiliita ziwa hili hili lililokuwa mbele yao. Alieleza kwa maneno machache, kama mtu anayekabidhi mzigo mahali ulipokuwa ukipelekwa. Joakim alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akaenda kusimama karibu na pikipiki yake. Alikiwekea mkono kile kiti kitupu, mgongo amewapa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwakani," alisema, "tafuteni mtu mwingine wa pikipiki."

Tadea, mwenye jibu kwa kila mtu, safari hii alikata kipande cha mbasa, akakitoa miiba yote, akakiweka upande wa mzee katika sahani. Kisha akanawa mikono, akasogea kwenye mkeka, akala nao.